Friji ya bure na sheria ya ushindani

Shangazi yangu ana duka Mbagala Kizuiani, chumba kimoja chenye dirisha la nondo na benchi la mbao nje. Kampuni moja ya juisi na maji ilimletea friji ya kioo yenye taa ndani, bila kumtoza hata shilingi. Alitia saini karatasi ambayo hakuisoma, kijana wa mauzo akapiga picha ya duka, friji ikachomekwa. Mauzo yalipanda wiki ile ile. Mwezi wa pili Mbagala, abiria aliyeshuka kwenye daladala akiwa amelowa jasho hapiti mbele ya chupa yenye ukungu wa baridi bila kuingiza mkono mfukoni.

Baada ya miezi michache akaja kijana wa Kimara anayetengeneza juisi ya ukwaju. Chupa zake zina lebo, zina nembo ya shirika la viwango, TBS, na juisi yenyewe ni nzuri, niliinywa. Aliacha chupa 12. Shangazi akazipanga rafu ya chini kabisa, zikaisha siku ya pili. Akaletewa 24. Ndipo msimamizi wa kampuni akapita kwenye mzunguko wake, akafungua mlango wa friji na kutazama chini. "Mama, hii friji ni mali ya kampuni. Ukiweka vya watu wengine, gari linakuja kuibeba." Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayesoma ratiba. Shangazi akazitoa mbele yake moja moja, akazipanga kwenye ubao karibu na sabuni za mche. Ukwaju wa moto hauna mnunuzi. Mwezi haukuisha, yule kijana akaacha kupita Kizuiani.

Tazama kisa hiki kwa makini. Hakuna bei iliyopanda. Hakuna bidhaa iliyoadimika, hakuna mteja aliyelalamika, hata shangazi mwenyewe hakuona kwamba ameonewa. Friji si ya kwake, basi. Ukimuuliza mtu wa Dar sheria ya ushindani ni ya nini, atakutajia sukari, saruji na petroli, yaani bei. Ukimuuliza mfanyabiashara wa Kariakoo, atakwambia FCC, yaani Tume ya Ushindani, ni wale wanaokuja kukamata bidhaa bandia. Kazi hiyo ni yao kweli, wanayo kwa Sheria ya Alama za Bidhaa. Lakini roho ya sheria ya ushindani, tangu ilipoanza kuandikwa, imekuwa kwenye ile rafu ya chini: nani ana uwezo wa kumzuia mwingine asifike kwa mteja, na uwezo huo ameupata vipi.

Pwani yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 19, eneo lote la Mrima, kutoka upande wa Tanga hadi Kilwa, biashara ya pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, ilikuwa imehodhiwa kwa ajili ya Sultani wa Zanzibar. Sayyid Said alipotiliana mkataba wa biashara na Waingereza mwaka 1839, Mrima ulibaki nje kwa bidhaa hizo mbili. Mzizima, kijiji kilichokuja kuwa Dar es Salaam, kilikuwa katikati ya pwani hiyo. Haki ya kukusanya ushuru wa forodha nayo ilikodishwa kwa mfanyabiashara mmoja; nyumba ya Jairam Shivji iliishika kwa miongo. Huo ndio ukiritimba wa kale, wa kupewa na mtawala. Uingereza ilikuwa nao vilevile, hadi Malkia Elizabeth wa Kwanza akatoa hati ya mtu mmoja kuhodhi biashara ya karata za kuchezea, mahakama ikaikataa mwanzoni mwa miaka ya 1600, na Bunge likatunga sheria ya kuzuia hati za namna hiyo mwaka 1624. Upande wa dini, kuhodhi chakula ili kipande bei, ambako masheikh wetu wanakuita ihtikari, kumekatazwa tangu mwanzo wa Uislamu. Kwa hiyo wazo si geni hapa, wala halikuletwa na wafadhili.

Kilichobadilika Marekani baada ya 1870 ni kwamba ukiritimba ulizaliwa bila hati ya mtu yeyote. John D. Rockefeller hakupewa mafuta ya taa na rais. Alikuwa hodari wa hesabu, viwanda vyake vilipoteza kidogo kuliko vya wenzake, na bei ya mafuta ya taa ilishuka wakati akiwa kileleni. Watetezi wake hulisema hilo hadi leo, na ni kweli. Ila ukweli wa pili uko kwenye reli. Kwa kuwa alikuwa na mzigo mkubwa na wa uhakika, kampuni yake ya Standard Oil ilidai punguzo la siri kwenye nauli za mizigo. Ikafika hatua ya kudai ilipwe sehemu ya nauli ambayo washindani wake walilipia mafuta yao wenyewe. Fikiria una Fuso lako la viazi kutoka Njombe, na kila gunia unalolipia usafiri, jirani yako mwenye duka kubwa anapokea fungu. Mwaka 1872, katika muda usiozidi miezi miwili, Rockefeller alinunua viwanda 22 kati ya 26 vya washindani wake mjini Cleveland. Wenye viwanda walionyeshwa hesabu za reli, wakaona hakuna haja ya kubishana. Miaka michache baadaye alikuwa anashika takriban asilimia 90 ya usafishaji wa mafuta nchini mwake.

Mwaka 1882 wenye hisa wa kampuni hizo zote walikabidhi hisa zao kwa wadhamini 9. Muundo huo uliitwa trasti, na viwanda vya sukari, pombe kali na bidhaa nyingine vikaiga. Ndiyo maana hadi leo Wamarekani wanaita sheria hii ya kupinga trasti, ingawa trasti zenyewe zilikufa kitambo. Canada ilitunga yake mwaka 1889. Marekani ikafuata 1890 kwa muswada wa Seneta John Sherman wa Ohio, uliopita kwa kura 51 kwa 1 katika Seneti na 242 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi. Ni sheria fupi. Inakataza makubaliano ya kuzuia biashara, inakataza kuhodhi soko, na mengine inawaachia majaji. Ilichukua miaka 21 kabla Mahakama ya Juu haijaagiza, mwaka 1911, Standard Oil ivunjwe vipande 34. Hisa za vipande zikapanda na Rockefeller akatajirika kuliko kabla ya kuvunjwa. Vipande viwili, Exxon na Mobil, viliungana tena mwaka 1999.

Kwa miongo mingi baada ya hapo Wamarekani wamebishana juu ya jambo moja tu, ambalo pia ni ubishi wetu. Kuanzia miaka ya 1970 wanauchumi wenye mizizi Chuo Kikuu cha Chicago walishinda kwa hoja kwamba jaji aulize swali moja: je, mlaji anaumia kwa bei? Kama bei haijapanda, serikali ikae pembeni. Lina Khan, aliyeongoza tume ya biashara ya nchi hiyo kuanzia 2021 hadi 2025, alijulikana kwa kupinga hoja hiyo. Mimi nasimama na wanaoipinga, na sababu yangu naiweka Kizuiani. Kwa kipimo cha Chicago, kwenye duka la shangazi hapakutokea kitu.

Ulaya walikutana na friji hiyo hiyo. Ireland kulikuwa na kampuni ya aiskrimu ya HB, mali ya Unilever, iliyogawa majokofu kwa wenye maduka bure kwa sharti kwamba yasiwekwe aiskrimu nyingine. Mars ilipoingia sokoni mwaka 1989, ilikuta aiskrimu yake inapendwa lakini haina pa kulala. Mwenye duka dogo hana nafasi ya jokofu la pili, wala hawezi kurudisha la kwanza linalomwingizia kipato. Tume ya Ulaya ilikuta kwamba takriban asilimia 40 ya maduka yalikuwa na majokofu ya HB peke yake, na mwaka 1998 ikaamua kwamba sharti lile linavunja sheria. Mahakama ikakubaliana nayo mwaka 2003. Mwaka 2005 Coca-Cola iliahidi mbele ya Tume hiyo kwamba kwenye maduka ya Ulaya yasiyo na friji nyingine ya vinywaji, angalau asilimia 20 ya nafasi ya friji yake ya bure itakuwa huru kwa mwenye duka kuweka anachotaka.

Hoja ya kampuni inastahili kusikilizwa. Friji ni ghali, matengenezo ni yao, na mshindani kuja kupoza bidhaa zake kwenye mtaji wa mwenzake si haki. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Kama kampuni ni ndogo, au kama duka lina friji tatu, sharti lile halimdhuru mtu na sheria haina kazi hapo. Shida inaanza pale mgawaji wa friji ni mkubwa sokoni, duka lina friji moja, na maduka ya namna hiyo yamejaa mtaa mzima. Hapo friji inaacha kuwa zawadi kwa mwenye duka, inakuwa geti. Ukubwa peke yake si kosa kwa sheria yoyote ya ushindani ninayoijua, yetu ikiwemo. Kosa ni kutumia ukubwa huo kukaa mlangoni.

Sasa yetu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, biashara ya jumla iliingia mikononi mwa dola: shirika la biashara la taifa, kisha kampuni za mikoa, zile RTC ambazo wazazi wetu walizipangia foleni kwa sukari, khanga na sabuni. Mwaka 1973 ikatungwa Sheria ya Udhibiti wa Bei na Tume ya Bei ikaanza kupanga bei za bidhaa dukani. Kwa fikra za wakati ule ilikuwa na mantiki. Kama muuzaji ni mmoja, njia pekee ya kumlinda mnunuzi ni kumpangia muuzaji bei. Tulichokiona ni bei nzuri kwenye karatasi na rafu tupu, na bidhaa zikatoka kwa mlango wa nyuma kwa bei ya ulanguzi. Waziri Mkuu Sokoine alipoendesha msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, watu wa Dar walitupa mabegi ya bidhaa usiku. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kulegeza biashara ya kuagiza kutoka nje.

Mashirika yalipoanza kuuzwa na kugawanywa miaka ya 1990, ndipo sheria ya ushindani ilipokuja, kwanza ya 1994 na kisha Sheria ya Ushindani Namba 8 ya 2003, iliyozaa Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani la kusikiliza rufaa. Inashangaza kwamba mwaka 1997 tuliigawa Benki ya Taifa ya Biashara, ikatoka NMB pembeni yake. Tulivunja ukiritimba kwa mkono wa mwenye mali, yaani serikali, bila hakimu yeyote, jambo ambalo Wamarekani walilitolea jasho miaka 21. Lakini nadhani tulibaki na tabia ya Tume ya Bei mwilini. Bei ikipanda, kilio cha kwanza mtaani na bungeni ni bei elekezi.

Mfano ni petroli. Agosti 2011 EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilishusha bei kikomo, baadhi ya kampuni zikagoma kuuza, na Dar ikakauka. Nakumbuka foleni za madumu, bodaboda zikisukumwa kwa mikono. EWURA iliifungia BP leseni kwa miezi mitatu. Mdhibiti alikuwa na meno, nampongeza kwa kuyatumia. Lakini kisa kile kilinifundisha kwamba karatasi ya bei haimshindi muuzaji ambaye mnunuzi hana pengine pa kwenda. Likaja la teksi za mtandaoni. LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa makato wanayotozwa madereva, Uber ikasimamisha huduma zake Aprili 2022, kikomo kikapandishwa hadi 25 na Uber ikarudi mwaka 2023. Madereva walikuwa na haki ya kulalamikia makato. Hata hivyo, katika mabishano yote yale sikusikia mtu akiuliza kama dereva anaweza kuhama na sifa alizojijengea kwenye programu moja, nyota zake na safari zake elfu mbili, akaenda nazo kwenye nyingine. Angeweza, makato yangeshuka yenyewe.

Saruji ndiyo kesi iliyotupima kweli. Oktoba 2021 Scancem, kampuni ya kundi la HeidelbergCement lenye kiwanda cha Twiga kule Wazo Hill, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, wenye Simba, kutoka kwa AfriSam. Kwa mtu anayejenga Goba au Chanika, Twiga na Simba ndizo mbili anazozikuta zimepangwa jirani kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Saruji ni mzigo mzito wa thamani ndogo kwa kilo. Ukiisafirisha mbali, nauli inakula faida. Kwa hiyo kuwepo kwa kiwanda Mbeya hakumsaidii sana fundi wa Kigamboni, na swali kubwa katika kesi ya namna hii ni soko linaanzia wapi na kuishia wapi. Dangote alipowasha kiwanda Mtwara mwaka 2015, bei zilitetereka hadi huku, kwa sababu alileta saruji nyingi mahali ambapo malori yangeweza kufika. Mshindani mmoja mpya alifanya kazi ambayo bei elekezi haijawahi kuifanya.

FCC iliruhusu ununuzi ule Aprili 2022. Walalamikaji, Chalinze Cement wakiwemo, wakaenda Baraza la Ushindani, na Septemba 2022 Baraza likatengua ruhusa. Msingi ulikuwa kipimo kilichoandikwa kwenye sheria ya 2003, kwamba anayezidi asilimia 35 ya soko, na ana nguvu ya kubana ushindani kwa faida yake, alihesabiwa wakati ule kuwa ametawala soko, na muungano unaozaa au kuimarisha utawala huo unakatazwa. Ulikuwa uamuzi mzito. Baraza lilisema hapana kwa wawekezaji wakubwa ambao tume ilishawaambia ndiyo, likaandika sababu zake. Kisha safari ikaendelea: ombi likarudi upya, ununuzi ukakamilika mwishoni mwa 2023, na mwaka 2024 sehemu kubwa ya hisa ikauzwa kwa Amsons, kampuni ya Kitanzania ambayo tayari ilikuwa kwenye saruji na ambayo kabla ya mwaka kuisha ilikuwa imeinunua pia Bamburi ya Kenya.

Maoni yangu juu ya mwisho ule yanavutana. Simba haikuishia mikononi mwa Twiga, na hilo ni jema kwa mnunuzi wa Dar. Lakini njia iliyotufikisha pale ilikuwa na kona nyingi mno, na kila kona ilifungua mlango wa minong'ono. Sheria ya ushindani inaishi kwa kuaminiwa. Mwenye kiwanda lazima ajue kwamba kikomo cha leo ndicho cha kesho, na kama kuna faida kwa umma inayohalalisha kuruhusu zaidi ya hapo, kwa maana sheria inaruhusu msamaha, basi faida hiyo itajwe kwa hesabu, hadharani. Na kwa kuwa sasa mwenye saruji mmoja ana viwanda pande zote mbili za mpaka wa Namanga, mamlaka ya ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, yenye sheria tangu 2006, haiwezi kubaki jina ambalo mwananchi halijui.

Kuna upande wa pili ambao wapenzi wa sheria hii huuruka haraka, nao nimeuona soko la samaki la Feri. Nenda alfajiri kwenye ukumbi wa mnada, sakafu imelowa, mnadi anapiga kelele juu ya ndoo ya vibua. Wapo akina mama watatu ninaowafahamu kwa sura, wakaanga samaki wa Keko. Mmoja anataja bei, wawili wananyamaza. Ndoo ikiangukia kwao wanaenda pembeni, wanamwaga kwenye karai, wanagawana samaki kwa samaki kama karata. Wangepandishiana, kila mmoja angeondoka na vibua wachache kwa bei kubwa. Kwa jicho kali la kisheria huko ni kula njama mnadani, na kifungu cha 9 cha sheria yetu kinakataza kupanga bei, kususia kwa pamoja na njama kwenye zabuni.

Siamini kwamba sheria iliandikwa kwa ajili yao. Ukumbini kuna wanunuzi kibao, na wapo wenye magari ya barafu wanaoweza kununua boti nzima. Watatu wale wakishirikiana, mvuvi hapotezi kitu. Marekani walifanya wazi wazi kosa la kuwageuzia wanyonge sheria hii: mwaka 1908 sheria ya Sherman ilitumika dhidi ya chama cha wafanyakazi washona kofia wa Danbury waliohamasisha watu wasinunue kofia za mwajiri mmoja. Ilibidi mwaka 1914 Bunge lao litunge sheria nyingine kutamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Hapa kwetu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walioungana kuwa KNCU mwaka 1933 walikuwa wanapanga bei pamoja dhidi ya wanunuzi wachache, na hakuna mwenye akili timamu anayewaita wahalifu. Njama ninayotaka iwindwe usiku na mchana iko kwenye zabuni za umma: nyaraka tatu za kampuni tatu, bei tatu tofauti, zimeandikwa na mkono mmoja kwenye meza moja. Mshindi amepangwa, wawili wanasubiri zamu yao. Anayelipa ni mtoto anayekaa chini kwa sababu dawati limeuzwa kwa bei ya madawati mawili.

Njama kama hizo hazina ushahidi wa macho, ndiyo maana nchi nyingi humsamehe wa kwanza kukiri. Afrika Kusini walipata faida ya utaratibu huo kwenye mkate. Mwishoni mwa 2006 viwanda vikubwa vya mikate katika Jimbo la Rasi Magharibi vilipandisha bei na kuwapunguzia wasambazaji wadogo kamisheni kwa wakati mmoja. Wasambazaji wakalalamika kwa tume yao. Premier Foods ikakiri mapema na kusamehewa, Tiger Brands ikalipa karibu randi milioni 99, na Pioneer iliyokataa hadi mwisho ikatozwa zaidi ya randi milioni 195 mwaka 2010. Sheria yetu nayo ina adhabu inayofikia asilimia 10 ya mauzo ya mwaka, kiasi cha kumkosesha usingizi mkurugenzi yeyote. Kinachonigusa kwenye kisa kile ni walioanzisha. Walikuwa watu wa kubeba mikate kwenye gari dogo, wakapeleka malalamiko, yakafanyiwa kazi.

Nisije nikaonekana nasema kila makubaliano ya washindani ni sumu. Tunaotumia simu tunakumbuka ilivyokuwa baada ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, pesa ilimfikia kama namba ya siri, akatafute wakala wa mtandao wako akaitoe taslimu. Mwenye wateja wengi alikuwa na kila sababu ya kuacha hivyo, maana kila anayetaka kupokea kirahisi angehamia kwake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kuunganisha huduma zao, Vodacom akaingia 2016, na Tanzania ikawa mfano kwa bara zima. Leo mama wa Tandika anamtumia mwanawe Mwanza bila kuuliza ana laini gani. Makubaliano yale yalimpunguzia mkubwa nguvu ya kumfungia mteja, na biashara ya wote ikakua. Ndicho kipimo ninachokitumia ninaposoma habari ya kampuni mbili kukubaliana jambo: baada ya hapo, mteja amepata njia ya kutoka au ameipoteza?

Kwa kipimo hicho narudi kwenye friji. FCC haihitaji sheria mpya. Inaweza kutoa mwongozo wa kurasa chache kwamba kampuni yenye sehemu kubwa ya soko, ikigawa friji kwa duka lisilo na friji nyingine, iache rafu moja huru kwa mwenye duka. Mwongozo ubandikwe kwenye friji yenyewe, kwa Kiswahili, pale pale penye picha ya chupa. Afrika Kusini waliweka sharti la aina hiyo mwaka 2016 walipoidhinisha muungano mkubwa wa wajaza chupa wa Coca-Cola: asilimia 10 ya friji kwenye maduka madogo iwe kwa ajili ya wengine. Mwenye friji hafilisiki kwa rafu moja. Na watengenezaji wadogo wa Kimara, Kibaha na Bagamoyo, ambao tunawahimiza kila siku wasajili, wapime TBS, walipe kodi, watakuwa na mahali pa kuweka hicho walichokisajili.

Sheria inamruhusu mtu yeyote kulalamika FCC. Jumamosi iliyopita nilienda Kizuiani na kalamu, nikamwambia shangazi nitamwandikia. Alikataa kwanza. "Mwanangu, wakiichukua friji je? Mimi nauza nini jua hili?" Nikamweleza habari za Ireland, akasikiliza huku akimpimia mtoto mafuta ya kula ya shilingi mia tano. Mtoto alipoondoka akaenda kwenye friji, akafungua mlango, akainama na kuweka kiganja kwenye rafu ya chini, penye chupa za maji ambazo hakuna mtu alikuwa anazifikia.

"Andika hii," akasema. "Hii tu. Na jina langu usiweke."

Nimeandika. Barua ya malalamiko bado iko kwenye begi langu, maana bila jina lake inabidi niweke langu, na bado natafuta namba ya yule kijana wa ukwaju ili nimuulize kama anaweza kuleta chupa 12 nyingine.